Jinsi ya kujitengenezea kalenda ya mvua ya mawe ya mji wako huku Great Plains, tambarare za katikati ya Marekani (mfano wetu ni Cheyenne, Wyoming)

Ukikaa Cheyenne au miji ya jirani, Sidney, Scottsbluff, Fort Collins, Greeley, ukiuliza mvua ya mawe huwa inakuja lini utaambiwa "Juni" basi, na mtu anaendelea na shughuli zake. Sio uongo, ila jibu hilo halikusaidii kupanga kitu. Unachotaka kujua ni saa ngapi gari lisiwe nje, wiki gani ngano iko hatarini, paa lishakaguliwa kabla ya tarehe ngapi, na je, hii mawe ya siku hizi imezidi kweli au ni sisi tumeanza kuihesabu vizuri zaidi. Hayo yote unaweza kuyatoa kwenye data za serikali ambazo ni bure, wikiendi moja inatosha ukiwa na kompyuta na Excel. Ila lazima ujue kuzisoma, na hapo ndo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa hapo sana kuliko sehemu nyingine.

Kwanza, kwa nini hapa

Eneo ambalo Wyoming, Colorado na Nebraska zinakutana linapata wastani wa siku 7 hadi 9 za mawe kwa mwaka, na Marekani nzima hakuna eneo linalozidi hapo. Watu wanadhani sababu ni joto kali, kumbe kinachobeba mzigo mkubwa ni mwinuko. Cheyenne iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ile hewa ya chini ya nyuzi sifuri kule juu iko karibu na ardhi kuliko ilivyo Houston au Miami, na jiwe likianza kushuka halina safari ndefu ya kuyeyukia njiani. Florida ina radi nyingi kuliko sisi lakini mawe yao mengi yanafika chini yakiwa maji.

Halafu kuna mambo mengine matatu yanayokutana hapa: unyevu unaopanda kutoka Ghuba ya Mexico, hewa kavu inayotokea upande wa milima, na upepo wa juu unaobadilisha kasi na mwelekeo kadiri unavyopanda. Huo upepo ndo unaipa dhoruba uhai mrefu, maana unasukuma mvua pembeni isije ikaangukia ile hewa inayopanda na kuizima. Hewa inapanda, inabeba matone ya maji yaliyo chini ya sifuri lakini hayajaganda, matone yananata kwenye punje ya barafu, punje inakua mpaka hewa inashindwa kuibeba. Ukitaka kuona hayo kwa macho okota jiwe kubwa ulikate katikati kwa kisu chenye moto: utaona tabaka za barafu safi na tabaka nyeupe zenye ukungu. Safi ni pale maji yalipoganda polepole na hewa ikapata nafasi ya kutoka, nyeupe ni pale yalipoganda papo hapo na viputo vikabaki ndani.

Msimu unavyotembea

Msimu wa mawe huku Plains unapanda kutoka kusini kwenda kaskazini. Texas na Oklahoma wanaanza mapema, Machi mpaka Mei, Kansas Mei na Juni, sisi huku kwenye kona yetu kuanzia katikati ya Mei mpaka mwanzoni mwa Agosti na kilele ni Juni, na kufika Julai hata Alberta kule Kanada wako kwenye msimu wao. Kwa hiyo ukiona habari za mawe ya Dallas mwezi wa nne usiseme zimetukosa, zamu yetu bado.

Ila ndani ya huo msimu wetu tabia haifanani, na hili ndo jambo ambalo kalenda yako lazima ilionyeshe. Aprili, kabla msimu haujaanza vizuri, unapata mawe madogo madogo, ile hewa ya chini ya nyuzi sifuri iko karibu sana na ardhi lakini nguvu ya kupandisha hewa bado ndogo. Mwisho wa Mei na Juni unyevu umeshafika na upepo wa juu bado una nguvu, hapo ndo mawe makubwa ya kuvunja vioo. Kuanzia katikati ya Julai upepo wa juu unalegea, unyevu unaanza kuja pia kutoka kusini magharibi, dhoruba zinatembea taratibu, na hatari yake inakuwa ya aina nyingine: mawe mengi pamoja na mvua nyingi juu ya mtaa mmoja kwa muda mrefu.

Hiyo ya mwisho Cheyenne inaijua vibaya. Tarehe 1 Agosti 1985 dhoruba moja ilisimama juu ya mji, zikamwagika zaidi ya inchi 6 za mvua ndani ya masaa matatu na kitu, watu 12 wakafa. Mawe yalisombwa na maji yakarundikana futi kadhaa kwenda juu sehemu za mabondeni. Watu walikufa kwa mafuriko, na mawe yalikuwa sehemu ya balaa hilo maana yakijaa barabarani yanaziba mifereji na maji yanakosa pa kwenda. Kwa hiyo kwenye kalenda yako usiishie kuandika saizi ya jiwe tu, weka na safu ya mvua iliyonyesha siku hiyo.

Kuhusu saa: dhoruba zetu zinazaliwa kwenye milima ya Laramie upande wa magharibi mchana jua likishachoma, zinashuka mashariki. Cheyenne na Fort Collins wanapigwa mara nyingi kati ya saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, na kadiri unavyokwenda ndani ya Nebraska ndo zinafika jioni zaidi mpaka usiku. Mtu wa Sidney akitumia saa za Cheyenne ataanika gari lake nje wakati ambao sio.

Data ziko wapi

Ya kwanza ni Storm Events Database ya NOAA, shirika la serikali la bahari na hali ya hewa, mawe yameandikwa humo toka 1955. Unachagua jimbo, kaunti, aina ya tukio, unashusha faili. Angalia majina ya kaunti hapo jamani, maana ni mtego mtupu: mji wa Cheyenne uko Laramie County, mji wa Laramie wenyewe uko Albany County, na Cheyenne County iko Nebraska, ndo yenye Sidney na Potter. Colorado nao wana Cheyenne County yao, na Kansas pia. Ukichagua kwa haraka utajenga historia nzuri kabisa ya mji wa watu wengine.

Ya pili ni faili la Storm Prediction Center, kituo cha serikali cha kutabiri dhoruba kule Norman, Oklahoma, mawe hayo hayo toka 1955 ila linashuka lote kwa mpigo. Ya tatu ni Iowa Environmental Mesonet ya Iowa State University, hii naipenda sana kwa sababu inaweka ripoti za papo kwa papo pamoja na maonyo yote yaliyotolewa, unaweza kuona onyo lilitoka saa ngapi na jiwe likaanguka saa ngapi. Kwa upande wa mashamba, USDA Risk Management Agency, wakala wa bima ya mazao wa wizara ya kilimo, wanachapisha hasara za mazao kwa kila kaunti na sababu yake, na mvua ya mawe iko humo. Kumbuka tu wanahesabu kilichokuwa na bima ya serikali, shamba lisilo na bima halipo kabisa kwenye hizo namba.

Kabla ya 1955 unarudi kwenye magazeti. Cheyenne ilianza 1867 reli ya Union Pacific ilipofika, na magazeti yakaanza mwaka huo huo, kisha Novemba 1870 jeshi likaweka hapo kituo cha hali ya hewa, moja ya vituo vya mwanzo kabisa vya mtandao wa taifa. Magazeti ya zamani ya Wyoming yapo mtandaoni bure, na Maktaba ya Bunge nayo ina Chronicling America. Usitafute neno moja tu, tafuta pia vioo vilivyovunjika, ngano iliyolala, kuku na mifugo waliokufa, manake mwandishi wa 1890 alianza na hasara ndo akaja kwenye hali ya hewa.

Hapa ndo pa kuwa makini

Ukishapanga data zako za 1955 mpaka leo kwenye grafu utaona mstari unapanda kama ngazi na utataka kukimbia kuwaambia watu mawe yameongezeka mara kumi. Subiri kwanza. Faili lile halihesabu mawe yaliyoanguka, linahesabu mawe ambayo mtu aliyaona, akapiga simu, na mwingine akaandika. Mwaka 1960 dhoruba ikipita kwenye malisho kaskazini ya mji anayejua ni ng'ombe. Leo dhoruba hiyo hiyo inafuatwa na magari ya wakimbiza dhoruba, kila mtu ana simu, na ofisi ya hali ya hewa inapiga simu yenyewe kuuliza mmeona nini ili kuhakiki onyo lao.

Rada za kisasa nazo ziliwekwa nchi nzima miaka ya 1990, kwa hiyo maonyo yakaongezeka na ripoti zikayafuata. Wakati huo huo viwanja vya ndege viliwekewa mashine za kupima hali ya hewa zinazojiendesha, ambazo mawe hazitambui zenyewe, lazima mtu aongeze kwa mkono, kwa hiyo rekodi za kiwanja kimoja zinaweza kupungua wakati za kaunti zinapanda, na mbingu ni zile zile.

Alafu kuna Januari 2010. Kabla ya hapo jiwe lilihesabiwa kuwa la hatari likifika robo tatu ya inchi, yaani kama sentimita 1.9, toka hapo kiwango kikawa inchi 1, sentimita 2.5. Usipolijua hilo utaona mawe madogo yamekatika ghafla kwenye data ukadhani hali ya hewa imebadilika. Dawa yake ni rahisi: ukilinganisha miaka, tupa kila kilicho chini ya inchi 1, miaka yote, halafu ndo uchore upya. Ukitaka uhakika zaidi chora na ya inchi 2 kwenda juu peke yake, hizo zinavunja vitu na ni ngumu zaidi kupita bila kuandikwa, ingawa na zenyewe zilikuwa zinakosekana zamani.

Jambo lingine hesabu SIKU, sio ripoti. Dhoruba moja ikipita juu ya Cheyenne mjini inaweza kuleta ripoti thelathini, ikipita juu ya mashamba inaleta moja au hakuna, wakati dhoruba ni ile ile. Siku moja yenye jiwe la inchi 1 au zaidi ndani ya kaunti ni siku moja, haijalishi wamepiga simu wangapi. Ukiweka ripoti kwenye ramani utaona zimejipanga kandokando ya I-25 na I-80, usije ukadhani barabara kuu inavuta mawe.

Na saizi zenyewe: utashangaa mawe mengi ni ya inchi 1.75 kamili, wachache sana 1.5 au 1.6. Ni kwa sababu watu wanasema "kama mpira wa gofu" na mpira wa gofu kwenye orodha rasmi ni 1.75. Kwa hiyo usifanye hesabu za kina kwenye desimali, panga kwa makundi makubwa tu.

Kuhusu saa tena, faili la Storm Prediction Center liko kwenye saa ya kati ya kawaida (Central Standard Time, ile isiyosogezwa mbele kiangazi) mwaka mzima, ambayo wakati wa kiangazi inalingana na saa ya ukutani Cheyenne, hapo huna cha kubadilisha. Storm Events kwa Cheyenne inatumia saa ya milimani ya kawaida (Mountain Standard Time) hata kiangazi, kwa hiyo ongeza saa moja. Zile ripoti za papo kwa papo mara nyingi ni UTC, ile saa ya dunia, toa saa sita. Ukichanganya hayo matatu bila kurekebisha utapata kilele mbili za mchana ambazo hazipo.

Mwisho tengeneza majedwali matatu tu: siku za mawe kwa kila nusu ya mwezi, siku hizo kwa saa, na siku hizo kwa kundi la saizi. Nusu ya mwezi ni bora kuliko mwezi mzima, maana Juni ya mwanzo na Juni ya mwisho kwa mtu mwenye ngano ni vitu viwili tofauti kabisa.

Matukio ya kuweka kama nguzo

Weka pembeni orodha fupi ya matukio makubwa ya ukanda wako, yanasaidia kujua dari iko wapi. Potter, Nebraska, 6 Julai 1928, jiwe la ratili moja na nusu. Fort Collins, 30 Julai 1979, mtoto mchanga alikufa, kifo cha moja kwa moja cha mawe ambacho Marekani ni nadra sana. Aurora, Nebraska, 22 Juni 2003, jiwe la inchi 7 lenye mzunguko wa inchi 18.75. Vivian, South Dakota, 23 Julai 2010, inchi 8 na ratili 1.94, karibu gramu 880, rekodi ya taifa kwa kipenyo na uzito mpaka leo, na lilikuwa kubwa zaidi maana aliyeliokota aliliweka kwenye friza lakini umeme ulikuwa umekatika. Denver, 8 Mei 2017, hasara ya zaidi ya dola bilioni 2 kwa alasiri moja.

Ukisoma tarehe hizo utaona zile za mawe makubwa kuliko yote ziko Juni na Julai, ila ile ya hasara kubwa kuliko zote Colorado iko Mei. Ukubwa wa jiwe na ukubwa wa hasara haviendi pamoja, jiwe la wastani likiangukia mji wakati watu wanatoka kazini linaumiza mifuko kuliko jiwe kubwa likianguka porini.

Wapo wanaouliza kama haya yanaweza kuzuiwa. Kaskazini mashariki ya Colorado kulifanyika jaribio la taifa mwaka 1972 mpaka 1974, wakipulizia mawingu kemikali ya iodidi ya fedha, na matokeo hayakuonyesha mawe kupungua kwa kiasi cha kuaminika. Mimi ningeweka hela kwenye paa kwanza.

Ongeza data zako mwenyewe

Hii ndo sehemu ninayoipenda. Chukua kipande cha stairofomu, lile povu jeupe gumu linalofungia TV mpya ndani ya boksi, kata futi moja kwa futi moja, unene inchi 1, kifunike kwa foili nzito ya jikoni, vuta ikae bila mikunjo, gundisha nyuma kwa tepu. Andika N kwenye ukingo mmoja kuonyesha kaskazini, kipigilie juu ya nguzo fupi au mezani nje, mbali na nyumba na miti. Mawe yakipiga yanaacha mashimo: mashimo ya duara yameshuka wima, yaliyovutwa kama yai yamekuja na upepo na utaona ulitokea wapi. Hesabu mashimo, pima upana wake kwa rula, andika tarehe na saa nyuma, weka kipya.

Ubao huo hawakuubuni watu wa mtandaoni, ndo huo wanaoutumia CoCoRaHS, mtandao wa wananchi wanaopima mvua ulioanzia Fort Collins 1998 baada ya mafuriko ya mwaka mmoja nyuma yake. Jiunge nao, ni bure, na tuma hata siku ambayo haikunyesha, sifuri nayo ni data maana bila sifuri hatujui ukingo wa dhoruba ulipita wapi.

Ukipima jiwe pima upana wake mrefu zaidi kwa rula, piga picha rula ikiwa pembeni, na usitoke nje mpaka yaishe kuanguka. Jiwe la inchi 2 mpaka 4 linashuka maili 44 mpaka 72 kwa saa, kichwa hakiwezi kitu hapo.

Kuitumia

Gari: kwenye zile saa zako za hatari za Juni liwe chini ya paa, na usitegemee simu ikuamshe. Onyo la kawaida la dhoruba linatolewa mawe yakifika inchi 1, ila kengele ile ya simu inapigwa kwa mawe ya inchi 2.75 kwenda juu au upepo wa maili 80. Gari linaharibika muda mrefu kabla ya hapo. Ukikutwa barabarani toka njiani sehemu salama, elekeza pua ya gari yanakotokea mawe, kioo cha mbele kina tabaka mbili zilizogandishwa pamoja na kinavumilia, vya pembeni vinamwagika. Usisimame chini ya daraja katikati ya barabara kuu ukaziba njia ya wenzako.

Shamba: mahindi machanga usiyalilie haraka, mpaka majani matano sita hivi kile kitovu cha kukua bado kiko chini ya udongo, subiri siku 7 mpaka 10 uone kama yanachipua, na mkaguzi wa bima naye anasubiri hivyo hivyo. Ngano inayokaribia kuvunwa ndo haina pa kurudi, na huku inaiva Julai, bado ndani ya msimu.

Paa: kagua mkataba wa bima Machi au Aprili. Angalia kama paa linalipwa kwa bei ya jipya au kwa thamani iliyobaki baada ya uzee, na kile kiasi unachobeba mwenyewe kwa upepo na mawe mara nyingi ni asilimia ya thamani ya nyumba, nyumba ya dola 300,000 kwa asilimia 2 ni dola 6,000 kutoka mfukoni kwako. Ukibadilisha paa uliza vigae vya daraja la 4 la UL 2218 (kipimo cha vigae kuhimili mawe), hivyo vimepigwa na mpira wa chuma wa inchi 2 kwenye majaribio, na bima nyingine zinapunguza malipo kwa hilo. Piga picha za paa, gata, madirisha na gari mwezi wa nne, zote zikiwa na tarehe. Mawe yakishapita atakuja fundi mlangoni na karatasi ya kusaini siku hiyo hiyo, mwambie asubiri mpaka uongee na bima yako. Na bima wakikuuliza ni dhoruba ya siku gani, unafungua Excel yako, tarehe iko hapo, na ubao wako wa foili wa siku hiyo unao.